Upana wa Namba katika Kifasiri cha Baitikodi: Mfano wa Hesabu ya Mauzo ya Samaki, Macaloe

1.0 Utangulizi

Katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, iliko Macaloe, Kimwani na Kiswahili husikika pamoja, ilhali lugha rasmi ya Msumbiji ni Kireno. Anayekusudia kuwaundia wakazi wa pwani hiyo lugha ndogo ya programu huanza kwa kuchagua maneno: "kama", "rudia", "andika". Makala haya yanaonesha kwamba maneno hayo ni sehemu nyepesi ya kazi. Uzito umo katika kifasiri cha baitikodi, hasa katika uamuzi mmoja asiouona mtumiaji: upana wa namba.

2.0 Baitikodi na Kifasiri

Kompaila husoma matini ya programu na kuigeuza kuwa baitikodi, yaani mfululizo wa maagizo mafupi. Kila agizo huchukua baiti moja na, inapohitajika, hufuatwa na thamani yake. Kifasiri huyasoma maagizo hayo moja baada ya jingine na kuyatekeleza. Njia hii ilienea kupitia Pascal katika miaka ya 1970, kisha kupitia Java mwaka 1995. Lua, iliyoasisiwa mwaka 1993 katika chuo kikuu cha PUC-Rio nchini Brazili, nayo huitumia. Kadi nyingi za simu hubeba kifasiri cha jamii hiyo, Java Card.

3.0 Mfano

Tuchukulie kwamba mvuvi ameuza kilo 12 za samaki kwa metikali 150 kila kilo, kisha akalipa metikali 200 za barafu. Kompaila itatoa maagizo yafuatayo:

WEKA 12
WEKA 150
ZIDISHA
WEKA 200
TOA
ANDIKA
ISHIA

Programu nzima ni baiti 10. Kifasiri hutunza rundo la namba. WEKA huongeza namba juu ya rundo; ZIDISHA huondoa namba mbili za juu na kurudisha zao lake, 1,800; TOA hubakiza 1,600. Kiini chake ni kitanzi kimoja: soma agizo, sogeza kielekezi, tekeleza, rudia.

4.0 Upana wa Namba

Namba zote tatu zilizowekwa zinaenea katika baiti moja, ambayo kikomo chake ni 255. Mjenzi asiye mwangalifu aweza kudhani kwamba rundo nalo litatoshwa na baiti moja kwa kila namba. Akifanya hivyo, programu itaandika 64 badala ya 1,600, kwa kuwa kila 256 iliyozidi hudondoka kimyakimya.

Baiti mbili, zikiruhusu namba hasi, hufikia 32,767. Huo ndio upana wa kawaida wa hesabu katika Java Card, ambamo namba za baiti nne ni za hiari. Mauzo ya kilo 240 kwa bei ileile ni metikali 36,000, lakini rundo la baiti mbili litaonesha -29,536. Muuzaji anageuzwa mdaiwa, na hakuna onyo lililotolewa.

Tiba yake ni mbili. Kwanza, rundo liwe na baiti nne au nane kwa kila namba. Pili, kila ZIDISHA, JUMLISHA na TOA ikague jibu kabla ya kulirudisha, na isimamishe programu jibu likivuka mpaka. Ili onyo lieleweke, kompaila ihifadhi namba ya mstari wa matini uliozaa kila agizo. Hapo ndipo Kiswahili kinapofanya kazi ya kweli: "Mstari wa 3: jibu limezidi uwezo wa namba."

5.0 Hitimisho

Lugha ya programu haiwi salama kwa kuwa maneno yake yanafahamika. Inapendekezwa kwamba, kabla ya kuidhinisha programu yoyote ya kutunza hesabu za wavuvi, washauri wa sera waulize mambo matatu: namba zina upana gani, nini hutokea zinapozidi, na onyo hutolewa kwa lugha gani. Jaribio lenyewe halihitaji maabara. Inatosha kuzidisha 240 kwa 150 na kusoma jibu.