Kuwakumbuka waliokufa katika vita



Leo tuchunguze neno moja linalotamkwa sana kwenye matanga: sadaka. Mtu husimama mbele ya jeneza na kusema, «Huyu ametoa sadaka, damu yake isiende bure.» Lakini mtoto aliyeuawa na bomu katika kambi ya Mugunga tarehe 3 Mei 2024 alitoa nini? Hakutoa kitu. Alinyang'anywa. Kwa Mkristo, sadaka ni kile mtu anachotoa mwenyewe. Yesu alisema kwamba hakuna aliyemwondolea uhai wake. Yeye mwenyewe aliutoa.

Wapo waliotoa kweli. Askofu mkuu Christophe Munzihirwa alibaki na watu wake Bukavu vita ilipofika, akauawa tarehe 29 Oktoba 1996. Hapa Goma, Floribert Bwana Chui alikuwa na kazi ya kukagua bidhaa zinazoingia nchini. Alikataa rushwa ili vyakula vilivyoharibika visifike kwenye sahani zenu, akauawa Julai 2007. Wazee wengi mnakumbuka pia jinsi alivyowahudumia maibobo. Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenye heri Juni 2025. Hao wawili hawakumuua mtu yeyote.

Mbona tunashikilia tofauti hii? Kwa sababu ukimwita mtoto yule sadaka, kesho atakuja mwingine kudai malipo kwa jina lake. Ni hapo matangani kijana anapoonyeshwa kabila la kuchukia.

Sasa fungua Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 21. Mfalme Daudi aliwatoa watu saba wa jamaa ya Sauli wauawe, na maiti zao zikaachwa mlimani. Rispa, mama wa wawili kati yao, alitandika gunia juu ya mwamba. Tangu mwanzo wa mavuno mpaka mvua iliponyesha aliwafukuza ndege mchana na wanyama usiku. Hakuomba kisasi wala hakufanya mkutano. Alikaa tu na wafu wake. Habari ilimfikia Daudi, yule yule aliyewatoa. Akakusanya mifupa ya Sauli na ya Yonatani, na ya wale waliotundikwa, ikazikwa. Baada ya hapo Mungu akasikia maombi kwa ajili ya nchi.

Wakubwa, angalieni jambo hili. Sauli alikuwa adui wa Daudi, na hata hivyo alipewa kaburi. Mama wa upande ule mwingine naye analia, na kazi yako ni kumwachia nafasi ya kulia katika mtaa wako bila kutukanwa.

Wengi wenu hamna kaburi la kutembelea. Vita ilipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, maiti nyingi zilizikwa haraka, nyingine bila jina. Wengine waliachwa Masisi au Rutshuru, njiani. Je, matanga yafanyike namna gani? Kusanyikeni katika shirika lenu au kanisani kwenu. Andikeni majina kwenye daftari, pamoja na kijiji na mwaka. Yasomwe kwa sauti, pole pole, yote, bila kutaja kabila. Wakatoliki wanayo tarehe 2 Novemba kwa marehemu wote. Wengine chagueni siku yenu. Atakayesimama kuhubiri asizidi dakika chache, maana wanasiasa hupenda sana vipaza sauti vya matangani.

Na yuko mama asiyejua kama mwanawe amekufa au yu hai. Huyo msimlazimishe kuondoa matanga. Jina la mwanawe liandikwe kwenye ukurasa wake wa peke yake, na mama aulizwe kila mara kama kuna habari mpya.