Roho ya Mtu na Bei ya Mbuzi

Barabara kuu itokayo Mombasa kwenda Malindi hupita katikati ya Tezo. Zamani magari yote yalisimama Kilifi kungoja kivuko. Tangu daraja lilipofunguliwa mwaka 1991 hakuna la kuyazuia, na lori lifikapo Tezo huwa limekwisha kushika mwendo. Hapo hukutana na kijana wa bodaboda atokaye njia ya shambani, amepakia abiria na gunia la nazi. Abiria mara nyingi hana helmeti, ingawa sheria yaitaka.

Basi tuitazame sheria. Kifungu cha 46 cha Sheria ya Trafiki chasema kwamba asababishaye kifo kwa kuendesha gari kwa hatari aweza kufungwa hadi miaka 10. Lakini hatari si jambo jepesi kuthibitisha. Pasipo mashahidi, dereva aweza kushtakiwa kwa uzembe tu, kifungu cha 49, na adhabu ya kosa la kwanza haizidi faini ya shilingi 100,000 au kifungo cha mwaka mmoja.

Na mwizi wa mbuzi je? Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 278, imemwekea hadi miaka 14! Sisemi aonewe huruma. Kila mfugaji wa Kilifi aujua uchungu wa zizi tupu.

Mjane naye asingoje kesi ya polisi iishe. Muda wa kudai fidia ni miaka 3 tangu siku ya kifo, nao ukipita, mlango umefungwa.