Anayekaa nyuma ndiye kipimo cha safari

Mkazi wa Luvungi, katika bonde la Ruzizi nchini Kongo, anayetaka kufika Bukavu, mji mkuu wa jimbo lake mwenyewe, mara nyingi hulazimika kupita nchi ya watu. Barabara ya Taifa namba 5 ipo, inapanda kutoka Kamanyola kuelekea Nyangezi, lakini katikati kuna Ngomo, mlima ambako njia imechongwa ubavuni, korongo upande mmoja na lori linalokuja upande mwingine. Ndiyo maana kwa miaka mingi wasafiri wamekuwa wakivuka mpaka Kamanyola, wakaingia Bugarama nchini Rwanda, wakapanda kwa lami hadi Kamembe, kisha wakarudi Kongo kwa kuvuka mto Ruzizi. Safari yenyewe haifiki kilomita mia moja, lakini inavuka mpaka mara mbili na kutii sheria za nchi mbili, na wengi huifanya juu ya pikipiki moja wakiwa wawili: mume na mke, mama na mwanawe aendaye shule, mfanyabiashara na motari wake.

Watu hupanga safari ya namna hii kwa kumtazama dereva. Je, ana uzoefu? Pikipiki yake ina nguvu? Mimi naona tunaanza upande usio wake. Mtu wa nyuma ndiye anayebadilisha breki, mwendo, karatasi, bajeti na saa ya kufika. Haoni mashimo mapema, hana usukani wa kushikilia, na ajali ikitokea hurushwa bila kujua kimetokea nini. Basi safari ipangwe kwa kumpima yeye.

Kabla ya hayo kuna swali la usalama, na halina njia ya mkato. Bukavu iliingia mikononi mwa waasi wa M23 Februari 2025, na Desemba mwaka huohuo mapigano yaliteremka bonde la Ruzizi hadi Uvira, Luvungi ikiwa njiani. Burundi nayo ilifunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda Januari 2024. Kwa hiyo usitegemee ramani wala habari za juzi. Muulize aliyetoka huko leo asubuhi: njia inapitika, mpaka uko wazi hadi saa ngapi, ofisini yuko nani, na anazitambua karatasi zipi? Ofisi inaweza kuwa mikononi mwa mamlaka tofauti na ile iliyokupa hati yako. Na mmoja wenu akisema moyo wake unakataa, safari iishie hapo, bila kuombwa sababu.

Tuje kwenye karatasi. Pikipiki ina kadi yake na bima yake, dereva ana leseni yake, na abiria naye lazima awe na hati yake mkononi. Kisa cha kawaida mpakani ni dereva kupita na abiria kubaki, kwa kuwa nyumbani walihesabu karatasi za chombo tu. Vibali vya wakazi wa mpakani, ambavyo watu wetu wamevizoea tangu enzi za CEPGL, jumuiya iliyoundwa mwaka 1976 na Burundi, Rwanda na Zaire, vina kikomo cha siku na cha eneo. Kinachokutosha kufika Kamembe huenda kisikufikishe Kigali. Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, lakini uanachama huo haumwondolei mtu wajibu wa kuonyesha yeye ni nani. Na kama pikipiki si yako, beba barua ya mwenye mali yenye sahihi na muhuri, kwa maana ofisa wa forodha hawezi kujua kwamba mwenye kadi ni shemeji yako.

Kuna kadi mbili za njano, na watu huzichanganya. Moja ni ya COMESA, bima ya kuvukia mpaka inayoongezwa juu ya bima ya nyumbani. Inawalinda kwanza wale utakaowaumiza barabarani. Mwambie wakala wako akuonyeshe kwa maandishi abiria wako analipiwa nini akiumia, na hadi kiasi gani. Ya pili ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano, nacho ni cha mtu, si cha chombo. Tangu Julai 2016 cheti hicho kinatambuliwa kwa maisha yote, lakini huanza kutumika siku kumi baada ya sindano. Asiyechanjwa aanze hapo, wiki mbili kabla ya kitu kingine chochote.

Sasa pikipiki yenyewe. Fungeni mizigo yote, mkae wawili kama mtakavyosafiri, kisha mwombe mtu wa tatu achutame atazame. Nyuma itakuwa imeshuka. Springi zikibonyea, mkono unaoshika gurudumu la nyuma hubadilisha pembe na cheni hukaza. Cheni iliyoonekana nzuri pikipiki ikiwa tupu inaweza kuwa imevutika kama uzi wa zeze mkishakaa wawili, na kwenye shimo la kwanza itakula sproketi au itakatika. Ilegeze hadi iwe na mchezo kidogo hata mkiwa juu. Kama springi zina ngazi za kukazia, zikaze zote mbili kwa ngazi ileile. Pine la nyuma lijazwe kwa kipimo cha watu wawili kilichoandikwa katika kitabu cha pikipiki, na lipimwe asubuhi likiwa baridi, kwa sababu bondeni joto litaongeza upepo lenyewe. Jioni simamisheni pikipiki mbele ya ukuta, muwashe taa. Dereva akiwa peke yake mwanga unapiga mahali fulani, na abiria akipanda unapanda nao, ukaingia machoni mwa wanaokuja. Ishusheni.

Breki nataka nizieleze kwa utulivu, kwa kuwa wakati wa kurudi, barabara ya kutoka Kamembe kushuka Bugarama ndipo zinapopimwa. Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari na Tanganyika iko mita 770 hivi. Barabara hii inashuka sehemu kubwa ya ngazi hiyo kwa mwendo mfupi. Pikipiki nyingi za Boxer tunazoendesha zina breki za ngoma mbele na nyuma. Ukikanyaga breki muda mrefu, ngoma hupata moto na kutanuka, ikazikimbia bitana zilizo ndani, na bitana zenyewe zikichemka hupoteza uwezo wa kukamata. Pedeli inashuka, pikipiki haipungui mwendo. Uzito wa mtu wa pili unaongeza moto huo na kuufanya uje mapema. Dawa yake ni kanuni ya madereva wa zamani wa malori: shuka kwa gia uliyopandia. Acha injini ishike, gusa breki kwa vipindi, na ukihisi zinalegea simameni mpaka zipoe zenyewe. Usimwagie ngoma maji, chuma cha moto kikipoa ghafla kinaweza kupasuka.

Kwenye mteremko abiria ana kazi. Ashike chuma cha nyuma ya kiti ili asimlalie dereva na kumsukuma kwenye usukani. Kwenye kona atazame juu ya bega la dereva lililo upande wa ndani ya kona, na mwili utalala kiasi kinachotakiwa bila yeye kujitahidi. Wapatane ishara kabla ya kuondoka, mathalani pigo moja pajani ni punguza, mawili ni simama, na dereva asimame kweli. Kikwembe kifungwe juu ya suruali na ncha zikaliwe, kwani nguo inayopepea hunaswa na cheni au spoku na kumvuta mtu chini. Mguu wa kulia uwe na kitu cha kuukinga na bomba la moshi. Kofia ngumu ziwe mbili: Rwanda sheria inamdai abiria kama dereva, na ile iliyokatika kamba ya kidevuni ni sawa na kutovaa.

Mizigo mizito ikae chini na karibu na abiria, isining'inie nyuma kabisa ya keria, maana huko hunyanyua gurudumu la mbele na usukani ukawa mwepesi. Nguo usizifunge kwenye mifuko ya plastiki. Rwanda iliipiga marufuku mwaka 2008 na mpakani huchukuliwa, kwa hiyo tumia turubai au mfuko wa kitambaa. Jerikeni ya petroli kati ya watu wawili siikubali hata kidogo. Bonde hili lilifundishwa Sange, tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipopinduka na kulipuka, na watu zaidi ya 230 wakafa. Jaza tangi, utajaza tena mbele.

Abiria awe pia mweka hazina na msoma njia, kwani mikono yake iko huru mnaposimama. Fedha za Kongo, za Rwanda na dola zikae mifuko tofauti, na dola zisiwe na mchaniko, kwani zilizochanika upande wetu hazipokelewi. Kuhusu wingi wa vitu, Waingereza Theresa Wallach na Florence Blenkiron walioondoka London Desemba 1934 kwa pikipiki moja ya Panther, wakafika Cape Town Julai 1935, waliongeza kigari cha pembeni na trela ya mizigo, na hata hivyo injini iliwashinda jangwani kabla ya Agadez. Ninyi mna magurudumu mawili tu, basi punguzeni vitu.

Tarehe nayo ichaguliwe. Jumamosi ya mwisho wa mwezi asubuhi Rwanda ina umuganda, kazi ya pamoja ya wananchi, na barabara haziko huru. Ondokeni Luvungi alfajiri kukipambazuka, kabla joto la bonde halijaanza kumchosha aliye nyuma, na pumzikeni kila saa hata kama dereva hajachoka. Wakati wa kurudi hesabuni kinyumenyume kutoka machweo: kipande cha Kamanyola hadi Luvungi, foleni ya mpaka, kisha mteremko wenyewe na vituo vya kupoza breki. Ikiwa saa tisa mchana bado mko Kamembe, laleni Kamembe. Malazi ya usiku huo, ya watu wawili, yawekwe kwenye bajeti tangu nyumbani.