UTANDO UUFUNIKAO MWILI
Mambo yaonekanayo Thika na Ruiru

Mji wa Thika umejulikana tangu zamani kwa viwanda vyake vya kutengeneza ngozi, na mtu aliyepata kuitazama kazi ile amekwisha kujifunza nusu ya somo letu. Ngozi mbichi za ng'ombe hulowekwa katika maji ya chokaa mpaka manyoya yalegee. Kisha hukwanguliwa, na pamoja na manyoya hutoka utando mwembamba, wenye kuteleza, ambao hutupwa kama takataka. Kinachobaki ni ngozi ya ndani, nene na yenye nyuzi nyingi, nayo ndiyo itiwayo dawa na kugeuzwa viatu na mikanda. Kwa fundi utando ule hauna thamani hata kidogo. Lakini ng'ombe alipokuwa hai hakuweza kuishi bila huo, wala wewe, ndugu msomaji, huwezi.

Wataalamu huuita utando huu epithelia. Umefanyizwa kwa chembe hai, ndogo sana, zilizobanana kama mawe ya ukuta uliojengwa vizuri, karibu bila nafasi kati yake. Hauna mishipa ya damu. Chakula chake hupenya kutoka chini. Ndiyo sababu mchumaji wa kahawa kule Ruiru akikwaruzwa kidogo na tawi huona mstari mweupe mkononi bila tone la damu. Tawi limekata ukuta tu, halikufika ndani ya nyumba. Damu ikitoka, ajue kwamba ngozi ya ndani imeguswa.

Katika ngozi ya mtu chembe hizi zimepangwa safu juu ya safu. Zile za chini huzaliana daima, na zilizo mpya huzisukuma za zamani kwenda juu. Zikifika juu zimekwisha kufa, zimekuwa kavu na ngumu, kisha hupukutika. Safari hiyo huchukua kadiri ya mwezi mmoja. Nongo zitokazo mtu ajisuguapo wakati wa kuoga si udongo mtupu. Nyingi ni chembe hizo zilizokufa. Mahali panaposuguliwa sana na mpini wa jembe safu huongezeka, na hapo ndipo hupatikana sugu. Kinyume chake huwapata wakata mananasi wa mashamba ya Thika wasiovaa glavu, kwa maana maji ya nanasi yana kitu kiyeyushacho protini, nacho huila ngozi ya juu kidogo kidogo hata mistari ya vidole ikafifia.

Watu wengi hudhani kwamba utando huu uko nje tu. Sivyo. Huingia kinywani, ukashuka tumboni na kufunika matumbo yote, lakini humo haufanani na ule wa nje, kwa kuwa kazi yake ni nyingine. Katika matumbo ni safu moja tu ya chembe ndefu zifyonzazo chakula, nazo hubadilishwa upya kila siku chache. Katika vifuko vya mapafu chembe ni bapa na nyembamba mno, ili hewa ipenye upesi kuingia katika damu. Katika koo la pumzi zina vinywele vidogo vipigavyo kama makasia, vikipandisha juu makohozi pamoja na vumbi. Mtu afanyaye kazi penye vinu vya kukoboa kahawa huokolewa na vinywele hivyo kila siku, naye asiyevuta sigara huokolewa zaidi, kwa maana moshi wa tumbako huvilemaza.

Sasa tumtazame adui mmoja ambaye watu wa Thika na vijiji vya jirani wanamjua sana, yaani funza. Huyu si mwenyeji wa Afrika. Mwaka 1872 aliletwa Angola katika mchanga wa meli iliyotoka Brazil, na kabla ya mwaka 1900 alikuwa amekwisha kufika pwani yetu. Jike hujichimbia katika ngozi ya juu ya mguu, akazika kichwa chini ili anyonye damu ya ngozi ya ndani, na nyuma akaacha tundu dogo la kupumulia na kutagia mayai. Baada ya wiki moja au mbili tumbo lake huvimba likawa kama punje ya njegere. Tena hupenda mavumbi, kwa hiyo nyumba yenye sakafu ya udongo mkavu humfaa sana.

Wengi humtoa kwa pini au mwiba. Lakini pini hiyo hiyo ikipita kutoka mguu wa mtoto huyu hadi wa yule, hupeleka damu ya mmoja kwa mwingine, na pamoja nayo huweza kupeleka ugonjwa wa ini au virusi vya UKIMWI. Tena tundu lililochimbwa ni mlango wazi wa pepopunda. Siku hizi iko njia iliyo bora, nayo ni mafuta mepesi ya dimetikoni. Hupakwa juu ya funza, yakaingia katika tundu lake la kupumulia, naye akafa mle mle. Mguu haukatwi mahali po pote, na chembe za chini zinapozidi kupanda, humsukuma nje pamoja na ngozi iliyokufa.