Mali ya Wote Yataka Walinzi

Wahenga walinena, asiyekuwapo na lake halipo. Twayakumbuka maneno hayo kwa sababu ya kesi iliyoamuliwa London mwaka 2024, ambayo kwa maoni yetu ina funzo kwa kila aishiye kwa jasho lake.

Tarehe 31 Oktoba, 2008, mtu aliyejiita Satoshi Nakamoto alitoa karatasi ya kurasa 9 kueleza fedha iitwayo Bitcoin. Fedha hiyo haina benki. Hesabu zake huandikwa katika daftari linalotunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja, nalo ndilo liitwalo blokucheni. Januari 2009 alitoa na programu yake, pamoja na hati ya idhini: kila mtu aitumie, aibadilishe, hata aiuze, mradi asiiondoe hati ile. Kisha akanyamaza.

Mali ikabaki uwanjani, na mwenyewe hajulikani. Ndipo alipotokea Craig Wright, mtu wa Australia, akidai kuwa yeye ndiye Satoshi na kwamba hakimiliki ni yake. Juni 2021 Mahakama Kuu ya London iliamuru tovuti moja iiondoe karatasi ile mbele ya wasomaji wa Uingereza. Wright hakushinda kwa ushahidi. Alishinda kwa kuwa mwendeshaji wa tovuti, aliyejificha nyuma ya jina la kupanga, hakufika kujitetea.

Baadaye waandishi wa programu nao walishtakiwa, na baadhi yao walikuwa wakiifanya kazi ile kwa kujitolea. Hebu msomaji afikiri: mtu awape watu wote kazi yake bure, kisha aitwe mahakamani kwa sababu ya kazi ile ile!

Makampuni yaliyoungana mwaka 2020 kwa jina la COPA ndiyo yaliyosimama kumpinga. Kesi ilianza Februari 2024, na mawakili wao hawakutegemea maneno matupu. Walileta mafundi wa kuzichunguza hati. Wright alishikilia kwamba karatasi ile aliiandika kwa programu ya LaTeX. Uchunguzi ukaonyesha iliandikwa kwa OpenOffice. Tarehe 14 Machi, 2024, Jaji Mellor alitamka kwamba Wright si Satoshi. Katika hukumu yake ya Mei alieleza kwamba hati nyingi zilikuwa za kughushi.

Haki imepatikana, lakini sisi hatushangilii kupita kiasi. Makampuni yale yalikuwa na fedha za kulipa mawakili, na yalikuwa na maslahi yao. Je, mnyonge aliye peke yake angesimama wapi?

Kwa hiyo twasema: sheria haimlindi mtu aliyelala. Mwenye kutunga kitu, cha kuuza au cha kuwapa wenziwe, na aandike masharti yake, atunze rasimu zake pamoja na tarehe, tena aungane na wenzake kabla hajaitwa mahakamani. Mali ya wote ikikosa walinzi, haikosi wa kuidai.