Mura, Jamaa, Ndugu: Kipi Kweli, Kipi Si Kweli?

Kewanja iko jirani na mgodi wa dhahabu wa North Mara, wilayani Tarime, mkoani Mara. Tangu mgodi ulipoanza uzalishaji mwaka 2002, Kikurya cha wenyeji kinasikika pamoja na lugha za wageni waliofuata kazi. Maneno ya undugu huazimwa mapema, na maana zake hupotoka mapema vilevile.

"Mura ni ndugu kwa Kikurya."
Si kweli. Huko mijini kila mtu wa Tarime huitwa "mura", na anayemwita hudhani amemwita kaka. Neno kamili ni omomura, wingi wake abamura: kijana wa kiume aliyekwisha kutahiriwa. Wakisii wa Kenya wanalo pia, na Wakalenjin wana muren, yaani mpiganaji. Linataja rika na hadhi, halitaji tumbo mlilotoka. Hata hivyo kosa hili lina chanzo: waliotahiriwa pamoja, esaro moja, huchukuliana kama ndugu hadi uzeeni. Udugu upo kweli, ila haumo ndani ya neno mura. Na mzee usimwite hivyo. Yeye ni omogaaka.

"Hakuna undugu pasipo kuzaliwa pamoja."
Si kweli hata kidogo. Kiswahili kina ndugu wa kuchanjiana: watu wawili walichanjwa chale, wakaonjana damu na kula kiapo. Kuanzia hapo kila mmoja aliwajibika kumlinda mwenzake na kumpokea nyumbani kwake. Katika njia za misafara ya karne ya 19, kiapo hicho kilimpa mgeni usalama ambao bunduki peke yake haikuweza kumpa. Mirambo, mtawala mashuhuri wa Wanyamwezi, alifanya udugu huo na Henry Morton Stanley mwezi Aprili 1876.

"Ujamaa ni neno la Nyerere."
Hapana. Mwalimu, mzaliwa wa Butiama mkoani humu humu Mara, alilipa maana ya siasa katika andiko lake la 1962. Shina lake, jamaa, lilitoka kwenye Kiarabu likiwa na maana ya kundi la watu. Waswahili wakalisogeza hadi kwenye ukoo.

"Ndugu ni mwanamume, na kwa kuwa ni mtu, tuseme ndugu wangu."
Si kweli mara mbili. Dada yako ni ndugu yako sawasawa na kaka yako. Na majina ya aina hii huchukua yangu na zangu: ndugu yangu, mama yangu, rafiki zangu. Neno lenyewe ni la Kibantu, la kale kuliko chama chochote. TANU ililipokea tu na kulifanya jina la heshima kwa kila mwanachama, na hadi leo katika mikutano ya CCM, chama kilichoirithi TANU, mwanamke naye hutajwa kwa Ndugu kabla ya jina lake.