Duka la Mtaani na Daftari Lake

Mwisho wa mwezi unapokaribia katika mji wa Rumonge, mama mwenye nyumba hujua mambo mawili bila ya kuambiwa: kopo la sukari limekwisha, na mshahara bado. Ndagala watapatikana mwaloni, na mawese hukamuliwa karibu na mji. Lakini sukari, chumvi, sabuni na viberiti havivuliwi ziwani wala haviangikwi mchikichini. Basi mtoto hutumwa dukani na maneno machache: "Mama amesema uandike."

Ndugu msomaji, katika neno hilo "uandike" ndimo ilimo thamani ya duka la mtaani.

Maduka ya namna hii yana historia ndefu kandokando ya Ziwa Tanganyika. Katika karne ya 19 wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikuwa wakivuka kutoka Ujiji, na baadaye, zama za ukoloni, Wahindi wakafuata. Reli ya kutoka Dar es Salaam ilipofika Kigoma mwaka 1914, bidhaa ziliweza kupakiwa melini hadi Usumbura, ambao leo ni Bujumbura. Mtaa mmoja wa mji huo ungali ukiitwa Quartier Asiatique, yaani mtaa wa Waasia.

Tajiri wa jumla huuza gunia. Mwenye duka la mtaani hulifungua gunia hilo akapima robo kilo, akakata mche wa sabuni vipande, ili kila mtu anunue kwa kadiri ya mfuko wake. Tena humfahamu kila mteja: nani amejifungua, nani anauguza, na mume wa nani yuko lindoni mbali na nyumbani. Kwa familia ya askari, duka hilo ni jirani wa kutegemewa.

Aghalabu thamani ya kitu hujulikana kinapoondoka. Mwezi wa Agosti 1972, Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Maduka yao yakagawiwa watu wengine, wakiwamo wanajeshi. Waliotajirika ghafla waliitwa "mafuta mingi", lakini haukupita muda mrefu sukari, chumvi na sabuni zikawa adimu. Ng'ambo ya ziwa letu, katika Zaire ya wakati huo, Rais Mobutu alitangaza tarehe 30 Novemba 1973 kwamba biashara za wageni zichukuliwe na wananchi. Huko nako rafu nyingi zilibaki tupu.

Kwa nini? Kwa sababu jengo na mizani vilichukuliwa, lakini imani haikuchukulika. Tajiri wa jumla alikuwa akimkopesha mtu aliyemjua, na mtu huyo naye akiwakopesha majirani aliowajua. Mnyororo huo ukikatika, duka hubaki kuta tu.

Hatusemi kwamba wenye maduka ni malaika. Wako wanaopunja vipimo na wanaopandisha bei kitu kinapoadimika. Mteja ana haki ya kuangalia mizani na kuuliza bei kabla ya kuandikiwa. Lakini naye ana wajibu wake. Mimi ni mtumishi wa serikali, nami najua jinsi barua ya uhamisho inavyoweza kufika ghafla. Familia ikiondoka na deni lake, haimwumizi mwenye duka peke yake. Familia itakayohamia nyumba ile ile itaambiwa: "Hapa hatukopeshi tena."

Kwa hiyo akina mama na akina baba, wekeni daftari lenu nyumbani, mlilinganishe na la dukani kila wiki. Msikope kupita sehemu ya mshahara mnayoweza kuirudisha. Mshahara ukifika, lipeni deni la duka kabla ya anasa. Na siku ya kufunga mizigo, mtu wa mwisho kuagwa awe mwenye duka, jina lenu likiwa limekwisha kufutwa.

Wahenga walisema: kukopa harusi, kulipa matanga. Tukilipa kwa wakati, hapatakuwa na matanga, na mtoto wa jirani ataendelea kutumwa dukani bila ya hofu.